Mashimo Kumi na Manane

Mzungu mdogo wa kwenye kioo cha kompyuta alipiga mpira wa nne, nao ukatumbukia bwawani kama ile mitatu ya kwanza. Akaitupa fimbo chini. Juu ya kichwa chake yakatokea maandishi ya kulalamika.

Wendelini alikunja uso kama mtu aliyekuta unywele kwenye mboga.

"Bado unacho kitu hiki?"

"Bado ninacho," alijibu Emiliani. Alikuwa amekifungua mwenyewe, akamvutia mgeni wake kiti, sasa amesimama pembeni akimtazama usoni. "Kaa vizuri. Kiangalie chote."

Wendelini alikaa. Kiti kilinata. Kibodi ilikuwa na weusi wa vidole vya watoto, na chumba kizima kilinuka mafuta ya taa na soksi. Alikuwa ametoka Dar es Salaam kuja kwenye harusi ya binamu yake, lakini moyoni alijua alichofuata Songea ni mashine hii, katika nyumba hii ya mtaa wa Mfaranyaki.

Miaka minane nyuma, wote wawili walikuwa makarani wa mradi wa barabara. Mhandisi mmoja wa Kizungu alikuwa ameweka kwenye kompyuta ya ofisi mchezo wa kujenga viwanja vya gofu. Hakuna kati yao aliyewahi kushika fimbo ya gofu wala kukanyaga kiwanja chenyewe, lakini walinaswa. Kila saa ya chakula walipanda nyasi, wakachimba mabwawa, wakamwaga mchanga, kisha wakawafungulia wachezaji wa kwenye kioo waingie, wafurahi au walalamike. Mwishowe wakawekeana shindano: ardhi ileile, mto uleule, mashimo kumi na manane, kila mtu na kiwanja chake. Mhandisi angeamua.

Kabla hajaamua, mradi ukafungwa, wakapunguzwa kazi wote. Waliagana vibaya, kila mmoja akidai ushindi. Wendelini akaenda Dar. Emiliani akainunua kompyuta kwenye mnada.

Huko Dar, Wendelini hakuchoka kukisimulia kiwanja chake. Akiwakuta vijana wa ofisini wakicheza michezo ya siku hizi, ya kumwagana damu na kuchoma magari, alisonya. "Takataka," aliwaambia. "Sisi tulikuwa tunajenga. Mimi nilijenga kiwanja ambacho mngekiona mngevua viatu kabla ya kukikanyaga."

Sasa aliburuza mausi, akatembea kutoka shimo hadi shimo. Shimo la tano lilijificha nyuma ya ukuta wa miti, bendera haionekani. La nane lilizungukwa na mchanga mwekundu kama kaburi bichi. Mabwawa yalitapakaa kila upande, maji yake ya kijani kama makamasi, na wachezaji walikwama matopeni wakinung'unika.

"Na mto umekatwa katikati," alisema. "Mtu mwenye akili zake anakata mto?"

"Tulikuwa tunajifunza."

"Sema ulikuwa unajifunza."

Emiliani alimtazama, kisha akakitazama kioo.

"Sikufichi, bwana. Kitu hiki kinanitia kichefuchefu. Na umekiweka miaka yote hii. Kipo na kwenye disketi?"

"Disketi ziliingia kuvu. Kimebaki humu tu."

"Basi acha nikusaidie."

Alirudi kwenye orodha. Yalikuwepo majina mawili, KIWANJA1 na KIWANJA2. Akachagua la kwanza, la kiwanja alichotoka kukitazama.

"Usikifute," alisema Emiliani. Mkono wake ulimshika Wendelini begani. "Nakuomba, ndugu yangu. Kiache kilivyo."

"Unakionea aibu?"

"Sikionei aibu. Kiache tu."

"Siku moja utanishukuru."

Mashine iliuliza kama ana hakika. Wendelini alibonyeza kwa kidole kimoja, kama anayeponda kunguni, kisha akakifuta kidole kwenye suruali.

Emiliani aliuondoa mkono taratibu. Akaenda dirishani, akavuta sweta yake hadi shingoni, maana baridi ya Julai ilikuwa inaingia.

Wendelini alikuwa ameshafungua KIWANJA2, naye akakisogelea kioo.

Mto ulipita mzima, ukijipinda polepole kando ya nyasi. Miti ilisimama mmojammoja, ikitoa kivuli pale hasa mchezaji alipokihitaji. Kila shimo lilimwita mtu kwenye shimo lililofuata. Hakuna aliyelalamika. Wazungu wadogo walikuwa wanarusha kofia juu.

"Ndiyo hiki," alisema, akavua miwani. "Ndiyo hiki, Emiliani. Unajua, nilishaanza kuogopa? Nilidhani labda nimejidanganya miaka yote, labda kilikuwa cha kawaida tu. Tazama ule mto."

"Ni kizuri," Emiliani alisema kutoka dirishani.

"Kwa hiyo unakubali?"

"Nakubali nini?"

"Kwamba nilishinda."

Emiliani aligeuka. Alimtazama rafiki yake aliyekuwa anapangusa macho kwa kiganja, kama mtoto.

"Nakubali," alisema. "Ulishinda, Wendelini."

Wendelini alicheka, akanyanyuka, akampa mkono. Ugomvi wa miaka minane ukaisha hapo, na chumba hata hakikunuka tena.

Aurelia, mke wa Emiliani, aliingia na sinia la chai na mihogo ya kuchemsha. Alilitua mezani, akainama kutazama kioo, akatabasamu.

"Kumbe ameshakufungulia na cha kwake," alisema. "Na kile chako, shemeji, umekionaje? Miaka minane hakuna mtoto wa nyumba hii aliyeruhusiwa kukigusa."