Herufi za Kuinama

Pale kwenye kiwanda cha kuchapa, Komisere wa polisi alimpa Bulaimu karatasi, naye akaishika juu chini.

"Soma."

"Sijue kusoma, bwana. Masomo iko ya misioni, na sisi Waislamu hawakutupokea. Mimi njo wa kusafisha tu."

Ni kweli, hakuwahi kuingia darasani hata siku moja. Komisere akaichukua karatasi yake. Ilisema: *Musiende tena mu pori kukata mpira. Vita si yetu.* Wakati huo Wazungu waliwalazimisha watu kugema mpira porini kwa ajili ya vita yao. Karatasi zaidi ya mia zilikuwa zimeokotwa sokoni Kindu na kwenye njia ya Kalima, zote kwa herufi nyembamba zilizoinama mbele, zisizo na vijiguu vya mapambo kwenye ncha. Herufi hizo zilikuja kwa treni kabla ya vita, za kutangazia baiskeli na bia. Katika mji mzima hapakuwa na kiwanda kingine cha kuchapa chenye herufi hizo.

Na kiwandani aliyejulikana kuzipanga alikuwa mmoja tu, Désiré. Siku sita sasa alikuwa gerezani, na fimbo hazijamtoa neno. Kwa kuwa mlinzi wa mpira alishauawa kule Pangi kwa ajili ya karatasi hizo, Jumamosi wangemnyonga.

Bulaimu aliumia, tena aliumia kweli. Désiré ndiye pekee pale kiwandani aliyekula naye sahani moja. Kila jioni alimpelekea Pélagie, mke wa Désiré, wali na sombe ya majani ya muhogo, akashindwa kumtazama usoni. Mara mbili alifika mpaka mlangoni kwa Komisere, miguu ikamrudisha.

Kazini hakubadili kitu. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiosha kwa petroli herufi za madini ya risasi, zile zinazotazama kinyumenyume mpaka zichapwe, huku midomo yake ikicheza. Désiré alizoea kumtania.

"Ndugu Bulaimu, unasali hata mu petroli?"

Naye alicheka tu, akaendelea kuosha.

Ijumaa asubuhi Komisere alirudi kiwandani na sinia dogo la chuma. Ndani mlikuwa na mistari miwili ya herufi za kuinama, imefungwa vizuri, imejaa wino.

"Osha."

Bulaimu akachovya brashi. Midomo ikaanza kucheza, kisha ikasimama. Brashi ikamponyoka. Akakaa sakafuni, akalia kwa sauti, bila kujali nani anamtazama.

Komisere aliinama akalisogeza sinia kando, herufi zisije zikatawanyika. Mistari ile, ambayo hakuna aliyemsomea, kinyumenyume kama risasi yote, ilisema: *Désiré amekufa usiku huu mu gereza. Pélagie hajajua.*

Kisha akafungua mlango. Nje, kati ya askari wawili, Désiré, mzima, alikuwa anafuta vidoleni wino wa mistari ile aliyoamriwa kuipanga.