Wa Kwanza Kwenye Matanga

Viti vilishushwa kwanza. Sitini, vya plastiki, vyeupe. Kisha turubai la bluu, kisha jeneza lenye kidirisha cha kioo. Mwisho akashuka Honorable Harelimana mwenyewe, machozi tayari yakimtoka.

Séraphine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni, nyuma ya nyumba. Aliuona mchi ukimponyoka, lakini hakuusikia ukianguka.

"Mama Clarisse, courage," Honorable alisema na kumshika mabega. "Mwalimu Nzabonimpa alikuwa ndugu yangu. Siasa ni siasa, lakini mutu ni mutu."

Hivyo ndivyo alivyojua. Mume wake aliondoka hapo Munigi, kando ya mji wa Goma, alfajiri kwa pikipiki kwenda Rutshuru, kuongea na watu wa parokia. Wiki iliyopita alikuwa ametangaza kwamba atagombea kiti cha huyuhuyu aliyemshika mabega sasa.

Jirani yake Philomène akapiga yowe la kwanza. Munigi nzima ikaja mbio.

Tuseme ukweli: Goma haijapata mtu anayejua kulia kama Harelimana. Watu wa mtaa wa Majengo wanakumbuka. Wakati wa uasi ule wa zamani, diwani mmoja wa komini alipigwa risasi mlangoni pake. Harelimana, siku hizo karani tu, alifika na jeneza kabla damu haijakauka. Watu wakasema huyu ana moyo. Waasi wakampa kiti cha marehemu. Mlima wa volkano ulipopasuka na moto ukateremka kula katikati ya mji, yeye ndiye aliyegawa maturubai juu ya mawe yaliyokuwa bado yanafuka, na waliopoteza kila kitu hawakumsahau.

Uchaguzi ulipofika aliandikwa suppléant, yule anayekaa nyuma ya jina la député, yaani mbunge, na kurithi kiti chake akifa. Député akaokotwa maiti ziwani, kule Himbi, Jumapili moja baada ya misa. Jeneza la kwanza kufika lililetwa na nani? Basi Harelimana akapanda ndege hadi Kinshasa, akakaa bungeni.

Wakubwa wengine nao wakajifunza. Siku hizi ukichelewa saa moja tu, unakuta turubai la mwingine limeshafungwa na wajane wanamwita yeye baba.

"Honorable, leo umemupita hata pasta!" mzee mmoja alisema, akijivutia kiti.

"Mimi sichelewake, muzee."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Nani amemuona?" Séraphine aliuliza. "Mwili uko wapi?"

"Utafika, mama. Watu wangu wanaushughulikia. Ni pale barrière ya Rugari, kile kizuizi cha barabarani. Watu wa bunduki, hawajulikani. Hakuteseka."

"Na mutu wa pikipiki?"

"Wote wawili, mama." Akatazama saa yake. "Acha maulizo. Lia kwanza."

Akalia. Wanawake walimkalisha kwenye mkeka, wakamfunga kitambaa kichwani. Mbele yake jeneza lilikaa juu ya viti viwili, jepesi, kidirisha chake kikionyesha mto mweupe usio na kichwa. Hakuweza kuliondolea macho. Alijaribu kuuona uso wa mume wake ndani ya kioo kile, na kila alipojaribu aliuona wake mwenyewe.

Honorable alisimama kuhutubia. Alisema Clarisse atasoma hadi chuo kikuu, yeye atamsomesha. Alisema damu ya mwalimu haitapotea bure. Sauti ilimkatika mahali panapofaa, na vilio vikapanda.

Ndipo kitu kikatetemeka kiunoni mwa Séraphine, ndani ya fundo la kitenge. Mkono wake uliitoa simu wenyewe, kwa mazoea, ukaiweka sikioni.

"Mama Clarisse, usinikasirikie." Upepo ulikuwa unavuma nyuma ya sauti ya mume wake. "Pneu ya pikipiki ilitoboka kule Kalengera tukirudi, tumekaa pale masaa mawili. Niwekee sombe. Sasa ndio tunaingia Rugari, barrière naiona kule mbele."

Séraphine aliinua macho, akamtazama Honorable Harelimana.

"Geuza pikipiki," alisema.