Ushahidi wa Utumwa

Mishi alitakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni mtumwa, na hakuwa na ushahidi.

"Huna karatasi ya kununuliwa?" aliuliza karani Abbasi.

"Nilibadilishwa kwa nguo na chumvi, bwana karani. Nani angeandika?"

"Basi nitajuaje kuwa wewe ni mtumwa?"

"Ijumaa iliyopita ulikula pilau nyumbani kwa bwana wangu. Nani alikunawisha mikono?"

Abbasi aliitupa kalamu mezani. Mwanamke huyu alikuwa amemchosha.

"Hapa ni bomani," alisema. "Hapa bomani sijui nani ananipikia."

Alijua vizuri sana. Mzee Mbwana, mwenye duka kubwa kuliko yote kwenye kile kituo kidogo cha reli magharibi ya Dodoma, alikuwa baba mkwe wake. Mishi ndiye aliyepika, aliyefua na aliyechota maji katika nyumba ile tangu Abbasi hajaoa. Lakini Mzee Mbwana alishasema neno lake: mtoto wa Mishi asipewe karatasi ya uhuru. Jumamosi angepandishwa gari la moshi kwenda Tabora, awe zawadi kwa dada wa mzee huyo.

Mtoto mwenyewe, Mwamvua, aliyezaliwa mwaka 1906, alikuwa amesimama kando ya mama yake, ulimi ukichezea pengo la meno ya mbele.

Shida yote ilianzia kwenye tangazo lililobandikwa ukutani, nyuma ya kiti cha Abbasi. Serikali ya Wajerumani ilikuwa imetangaza kwamba kila mtoto wa mtumwa aliyezaliwa baada ya kwisha mwaka 1905 ni mtu huru. Nchi nzima ililisikia. Wanawake wasiojua hata herufi moja walilijua tangazo lile kwa moyo.

"Hii ni nakala," Abbasi alimwambia Mishi siku ya kwanza. "Lenyewe liko Dar es Salaam. Nakala isiyo na mhuri wa kupokelewa hapa ni karatasi tu, kama ya kufungia sukari."

Mishi alikwenda kumsumbua Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa boma, mpaka mhuri ukagongwa. Abbasi akalisoma tangazo upya, akapata jambo jingine. Linamhusu mtoto wa mtumwa. Mtoto wa mtu huru halimhusu. Kwa hiyo mama athibitishe kwanza kuwa ni mtumwa.

Leo Mishi alikuwa amekuja na shahidi, Matonya, Mgogo aliyepeleka maziwa kwa Mzee Mbwana kila asubuhi.

"Ulimwona akinunuliwa?" Abbasi alimuuliza.

"Nilimwona akipigwa."

"Kupigwa si ushahidi. Hata punda anapigwa."

"Na punda ana mwenyewe," alisema Matonya.

Abbasi alimtoa nje kwa utovu wa adabu.

Hapo Mishi akapiga meza. Wino ukaruka.

"Mnatutumikisha mpaka migongo inapinda," alisema. "Tukija kusema sisi ni watumwa, mnasema hapana. Haya, andika. Andika hiyo hapana yako, iwe na mhuri, kila mtu aione."

Damu ilimpanda Abbasi kichwani. Karani wa Kaizari anapigiwa meza na mpishi wa mkwewe, na wahudumu wa boma wanachungulia mlangoni. Alivuta karatasi, akaandika huku akikandamiza kalamu karibu aitoboe:

"Mwanamke Mishi, mkazi wa hapa, amechunguzwa bomani. Imeonekana kuwa si mtumwa wa mtu yeyote. Kwa hiyo tangazo halimhusu mtoto wake."

Akaingia nayo chumba cha ndani. Bwana Shauri alitia sahihi bila kuinua macho, kama alivyozitia sahihi karatasi za biashara ya ngozi na nta. Abbasi akatoka, akagonga mhuri wa tai.

"Nisomee," alisema Mishi.

Akamsomea.

"Tena."

Akamsomea tena, polepole, ili kila neno limuume.

"Na huyu tai, askari wanamjua?"

"Wanamwogopa kuliko mama zao."

Mishi aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akatoka na mwanawe. Hakulia. Abbasi alikuwa amekingojea kilio kile tangu asubuhi, na kukikosa kulimuudhi upya.

Alipotazama dirishani, moyo ukamtulia kidogo. Mzee Mbwana alikuwa amesimama langoni na fimbo yake, amekuja kumchukua mtoto mwenyewe. Hakuwa na haja ya kungoja Jumamosi.

"Mishi," Abbasi aliita kupitia dirishani. "Ijumaa nataka pilau ya kuku. Na safari hii usizidishe pilipili."

Mishi alikuwa anampa askari wa lango ile karatasi, huku akimwonyesha Mzee Mbwana kwa kidole. Askari alisoma kwa taabu, neno baada ya neno, midomo ikicheza: si mtumwa wa mtu yeyote. Akautazama mhuri. Kisha akaiweka bunduki yake kifuani pa mzee.

"Una ushahidi, mzee?"

Mishi alimshika Mwamvua mkono, akageuka kulitazama dirisha.

"Ijumaa, bwana karani," alisema, "sijui nani atakupikia."