Ukimya wa Chura

Hapo kale huko Java, nchi ya mpunga, Jogoo alilinda ghala la kijiji. Siku moja alimfokea Chura wa jarubani: "Kelele zako zinaninyima usingizi!"

"Huo ndio ulinzi wangu," Chura alijibu, kifua mbele. "Nikinyamaza, ujue mwizi kaja."

Jogoo alicheka sana. Nyati, aliyekuwa akigaagaa topeni, hakucheka.

Jioni moja Ngawa akawanyatia vifaranga wa Jogoo. Chura akanyamaza ghafla. Jogoo alishukuru, akasinzia. Nyati alishtuka, akatoka mbio, akamtimua Ngawa kwa pembe.

Kesho yake Chura alinyamaza tena. Jogoo akaruka juu: "Kuna nini, bwana mkubwa?"

"Nameza mbu tu," Chura akamwambia. "Wewe lala."