Kofia ya Bwana Hatibu

Bwana Hatibu, mtunzi wa hadithi za safari za nyotani, alipozikwa, Sanura fundi bati alikifungua kitabu chake penye mchoro wa kofia ya msafiri. Miaka saba marehemu alimwomba amtengenezee, na miaka saba Sanura alimjibu, "Chukua ndoo, mzee, ndiyo ninayouza."

Leo alikata bati kwa vipimo vilevile vya kitabuni. Zuhra muuza uji akachungulia.

"Shoga, ndoo gani hiyo yenye dirisha?"

"Ya marehemu. Nilimcheka mno, niache nimalize."

"Na kichwa chenyewe kishazikwa!"

Wakacheka, kisha Sanura akafuta macho kwa mkono wenye masizi. Vipande vilikubaliana mara moja, bila hata kugongwa. Hatibu, asiyejua kupigilia msumari, alipimaje?

Akaivaa. Soko zima likanyamaza. Akasikia pumzi zake tu, kubwa, za karibu, kama ukurasa ule ulivyosema.

"Sanura, waniona?" Zuhra alipunga mwiko mbele ya kioo cha kofia.

Sanura alikuwa ameinua uso juu, mkono wake ukipapasa meza, ukitafuta pa kushika, kama mtu anayeelea.