Mvumo Usiokatika

Amplifaya ya hedifoni aliyoiunda fundi sauti mwenyewe ilikuwa bado inavuma, ingawa alikwisha kubadili transfoma na kulehemu upya waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini. Masikio yake ndiyo yaliyolisha nyumba yake.

Binti yake alizivaa hedifoni, kisha akazivua. "Mbona kimya kabisa, Baba?"

"Masikio hayo umeyarithi kwa akina mama yako."

Akazivaa mwenyewe, akachomoa plagi ukutani. Taa ndogo nyekundu ikafifia, ikazimika. Mvumo ukabaki palepale, haukupungua hata chembe.

Aliitazama plagi mkononi. Mguu mmoja wa plagi ulikuwa umepinda kidogo.

"Umeupata ubovu?" mkewe akauliza kutoka jikoni.

"Nimebakiza waya mmoja," akajibu, akakishika tena chuma cha kulehemu.