Nyaya Mbili Zisizoshika Kitu

Feni ilizunguka, taa ikawaka, lakini skrini iliandika tu kwamba haioni diski.

Zenebech alisubiri kibandani kwa fundi, pale sokoni Merkato, Addis Ababa, mumewe kando yake. Kompyuta hiyo ndiyo ilikuwa na nyimbo alizorekodi binti yao kabla ya kufariki.

Fundi akafungua kasha. Nyaya mbili zilining'inia.

"Mama, diski haikuharibika. Imetolewa. Nani aliifungua?"

Zenebech akageuka. Mumewe alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kila jioni unamwekea binti yetu chakula, unaitikia akiimba humo," mume alisema. "Niliona nakupoteza na wewe."

"Iko wapi?"

"Nimeitupa mtoni."

Zenebech alivua netela, mtandio wake mweupe, mabegani, akalifunika lile kasha.

"Mwanangu," akamwambia fundi, "niitie teksi. Ya mtu mmoja."